Kesi ya Mkono wa Waziri

Nchi ninayoisimulia haipo, na serikali yake imeniomba nisisitize kwamba haipo. Kwa kuwa haipo, ina Rais, ina Bunge, ina bendera yenye rangi nyingi kuliko majirani zake wote, na ina mahakama huru kabisa. Uhuru wa mahakama hiyo unasimamiwa na ofisi maalumu iliyomo ndani ya uzio wa Ikulu, mlango wa pili ukitoka jikoni.

Katika nchi hiyo aliishi jaji mmoja aitwaye Zefania Lukosi. Alikuwa mtu mnene kiasi, mpole, mwenye sauti nzuri sana ya kusomea hukumu, ila hukumu zenyewe hazikuwa zake. Hilo alilijua, na akiwa peke yake bafuni alikuwa akilicheka. Miaka yote ya kazi alikaa na wazee wa baraza watatu, wananchi wa kawaida waliowekwa na sheria wamsaidie kupima ushahidi. Kesi ikifika mwisho aliwageukia, akauliza kwa unyenyekevu, "Wazee, mnaonaje?" Wakisema mtu ana hatia, Jaji aliandika ana hatia. Wakisema hana, aliandika hana. Wakigawanyika, aliugua.

"Mume wangu ni kipaza sauti kilichovishwa joho," mkewe, Mama Tuzo, aliwaambia mashoga zake. Jaji mwenyewe alicheka nao, maana hakuona pa kubishia.

Basi siku moja wazee wa baraza wakaikosea serikali. Mpwa wa mkubwa fulani alikuwa amegonga ukuta wa zahanati kwa gari la umma, na wakili wake akaieleza mahakama kwamba ukuta ndio uliotoka upande wake wa barabara bila kuwasha taa. Wazee wakasikiliza kwa makini, wakanong'onezana, wakasema kwa maoni yao ukuta haukuwa umeondoka mahali pake. Serikali ilihuzunika sana. Haikupita muda Rais akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "haki inacheleweshwa na wingi wa vichwa. Kuanzia leo kesi zote za jinai zitasikilizwa na jaji peke yake. Na siku akikosea, hatutahangaika kumtafuta aliyekosea."

Majaji, waliokuwa wamekalishwa mistari ya mbele, walipiga makofi kwa nguvu. Sentensi ya mwisho ilipowaingia vizuri, viganja vilikuwa tayari vinawasha.

*

Kesi ya kwanza kubwa chini ya sheria hiyo ilikuwa ya Mheshimiwa Ludoviki Magwaza, Waziri wa Maadili na Staha. Alishitakiwa kwa shambulio la aibu dhidi ya Stamili Ngwembe, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa mwandishi wa hotuba zake.

Kufika tu mahakamani kwa kesi hiyo kulikuwa muujiza. Kituo cha kwanza cha polisi walimweleza Stamili, kwa upole kabisa, kwamba Waziri ni mkubwa kuliko kituo. Kituo cha pili walimwomba aende amlete mtuhumiwa ili wawasikilize wote wawili na kuwapatanisha. Kituo cha tatu alimkuta askari wa kike mgeni kazini, ambaye mkuu wake alikuwa ametoka kwenda kula na hajamfundisha bado. Askari yule akasikiliza, akaandika, akaipa kesi namba. Mkuu aliporudi anachokonoa meno, akaiona namba, akakaa chini. Katika nchi ile jambo likishapata namba halifutiki bila idhini ya watu watatu, na wa tatu alikuwa amekwenda likizo kwao.

Kilichofuata ni kumpata jaji. Jaji wa kwanza alishikwa na mgongo. Wa pili aligundua, baada ya kuuliza sana kwao, kwamba bibi yake na bibi wa Waziri walichota maji kisima kimoja. Wa tatu alisafiri nje kuhudhuria semina ya ujasiri. Jaji Lukosi naye alikuwa na ugonjwa alioupanga vizuri, wa tumbo, lakini kikao cha kugawa kesi kilifanyika yeye akiwa chooni anaufanyia mazoezi. Alipotoka, faili lilikuwa juu ya meza yake.

Simu ikalia hata hajaketi.

"Mheshimiwa Jaji, hapa ni Chikoti, Katibu wa Uhuru wa Mahakama. Nakupigia kukukumbusha kwamba uko huru."

"Nashukuru, Bwana Katibu."

"Uko huru kabisa. Hakuna mtu hata mmoja anayeruhusiwa kukuingilia. Mimi mwenyewe nisingethubutu."

"Ndiyo, Bwana Katibu."

"Ile nyumba yako ya serikali, bomba la uani limeshatengenezwa?"

"Bado."

"Tutalitengeneza. Au tutaangalia. Kazi njema, Mheshimiwa. Ukihisi tu kwamba uhuru wako umepungua, nipigie nikuelekeze."

*

Siku ya kwanza ya kesi Jaji Lukosi aliingia mahakamani, watu wakasimama, wakainama, wakakaa. Akageuka kulia kuwasalimia wazee wa baraza, kama alivyozoea. Viti vilikuwepo, wazee hawakuwepo. Akageuka kushoto. Kiti kilikuwepo. Karani akakohoa. Jaji akajifanya alikuwa akikagua kama viti vina vumbi.

Wakili wa serikali, ambaye ndiye aliyepaswa kumshitaki Waziri, alisimama huku ameunganisha mikono kama mwanakwaya.

"Mheshimiwa Jaji, kwa heshima zote kwa mshitakiwa, na nikimwombea afya njema yeye na familia yake, upande wa mashtaka, kwa masikitiko, unamwita shahidi wake."

Stamili Ngwembe akapanda kizimbani. Alikuwa mwembamba, amevaa gauni la kitenge na viatu vya chini, na alikuwa amejifunga kilemba vizuri kama mtu anayekwenda kazini. Hakulia. Jambo hilo liliwaudhi waandishi wa habari, ambao walikuwa wameshaandika kwamba amelia.

"Aliniita ofisini kwake nirekebishe hotuba ya Siku ya Kumheshimu Mwanamke," alisema. "Nilipoingia akafunga mlango kwa komeo. Akanishika. Nikamwambia acha. Akaniambia nisijifanye mgeni. Akanibana ukutani, akaingiza mkono ndani ya nguo yangu. Nikamng'ata bega, akaniachia kidogo. Nikakimbilia mlangoni. Komeo lilikuwa gumu. Nilihangaika nalo kwa mikono miwili na yeye yuko nyuma yangu, hata likafunguka, nikatoka."

Alisema hivyo tu. Jaji alikuwa amejiandaa kusikia maneno mengi, akajikuta kalamu yake imesimama.

Wakili wa utetezi, Msomi Eustaki Ndimbo, akainuka. Huyu alikuwa mtu mrefu aliyependa kuzungumza akitazama dari, kana kwamba sheria imeandikwa huko.

"Dada Stamili. Unafahamu kwamba mteja wangu amehutubia taifa mara nyingi mno juu ya heshima ya mwanamke?"

"Nafahamu."

"Hotuba nzuri?"

"Nzuri. Niliziandika mimi."

Watu wakacheka. Ndimbo aliiacha dari kwa muda mfupi, akairudia.

"Ulipiga kelele?"

"Nilisema acha."

"Kwa sauti gani?"

"Sauti ya mtu anayesema acha."

"Mheshimiwa Jaji," alisema Ndimbo, "nchi hii ina viwango. Tuna viwango vya saruji, vya maziwa na vya mabati. Je, kelele peke yake ndiyo ipigwe kiholela? Naomba kumwita mtaalamu."

Kweli akaja mtaalamu, na chombo cha kupimia, akaeleza kwamba kelele ya mtu aliyeshambuliwa, iliyokidhi viwango, husikika mpaka ng'ambo ya barabara ikiwa hakuna pikipiki. Baada yake akaja katibu muhtasi wa Waziri, aliyekaa nje ya mlango ule siku ile. Huyo aliapa kwamba hakusikia hata mnong'ono. Ndimbo akataka Stamili apige kelele pale pale kizimbani, ipimwe.

Jaji akageuka kulia. Akageuka kushoto. Hakuna aliyemwambia anaonaje.

"Hapana," alisema, na sauti yake ikamshangaza. Haraka akaongeza, "Kwa sasa."

Kisha mshitakiwa akajitetea. Mheshimiwa Magwaza alipanda kizimbani akipunga mkono kushoto na kulia, wapambe wake wakapiga vigelegele, karani naye, kwa mazoea, akainuka kumvutia kiti.

"Niliteleza," alisema. "Zulia la ofisi yangu ni jipya, la kisasa. Mimi ni mtu wa kazi, natembea haraka. Nikateleza. Katika kuteleza mkono ukatangulia, mimi mwenyewe nikiwa bado nyuma. Ulipofikia sikujua, nilipata taarifa baadaye. Kuhusu mlango, ule hujifunga wenyewe kwa upepo."

"Na alama ya meno begani, Mheshimiwa?" aliuliza wakili wa serikali, kisha akashtuka kwa ujasiri wake. "Samahani. Naliondoa swali."

*

Sheria ya nchi ile inamruhusu jaji kwenda kuona mahali tukio lilipotokea. Jaji Lukosi aliamua kwenda. Msidhani ni kwa bidii ya kazi. Aliamua hivyo kwa sababu safari ingeahirisha kesi, na kuahirisha ndiyo sehemu ya sheria aliyoimudu vizuri kuliko zote.

Wakafika wizarani msafara mzima: Jaji ndani ya joho lake, mawakili, karani, Waziri na wapambe. Stamili alikuwepo, lakini alibaki kwenye korido. Hakutaka kuingia, na hakuna aliyemlazimisha. Katibu muhtasi akawaletea wageni soda.

Ofisi ilikuwa kubwa kama ukumbi wa harusi. Chini palitandikwa zulia nene la zambarau, mguu unazama. Jaji akalitazama, akawatazama watu, akaona wanamsubiri afanye kitu cha kijaji. Kwa kuwa hakujua kitu hicho ni kipi, akaamua kuteleza.

Akarudi nyuma hatua chache, akaja kwa kasi, akasimama. Hakuteleza. Akarudia, safari hii akiburuza soli. Zulia likamshika kama tope. Akavua kiatu akajaribu kwa soksi. Akajaribu kwa upande, kama mtoto anayecheza rede. Mara ya mwisho akakanyaga joho lake mwenyewe, akaenda chini mzima mzima, miwani ikaruka huku na pumzi ikatoka kule. Wapambe wa Waziri wakapiga makofi.

"Ameteleza!" alisema Ndimbo. "Karani, andika!"

"Usiandike," alisema Jaji kutoka chini. "Nimejikanyaga." Alikuwa amelala kifudifudi, mikono yote miwili imejikita kwenye zulia mbele yake. Akaitazama kidogo. Ilikuwa imekwenda chini kumkinga uso, bila kuambiwa na mtu. Hakuna hata mmoja uliokwenda kutafuta nguo ya mtu.

Akaona aibu imemzidi. Akawaomba wote watoke nje mara moja ili aukague mlango na, kusema kweli, ajifute machozi. Wakatoka. Akausubiri upepo uufunge mlango. Madirisha ya ofisi ile hayafunguki, kwa sababu ya kiyoyozi, kwa hiyo upepo haukuja. Akausukuma mwenyewe. Komeo halikujifunga. Ilibidi alisukume kwa kiganja, kisha kwa bega, ndipo likaingia kwa kishindo.

Sasa akataka kutoka. Akalivuta, halikutoka. Akalivuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu ukutani akavuta tena.

"Jamani," aliita kwa heshima. "Nimekwama."

Kimya.

"Bwana Ndimbo! Karani!"

Kimya. Jaji akagonga mlango. Ulikuwa umeshonewa ngozi na sufu ndani, ngumi inazama kama kwenye mto. Akapiga kelele. Sauti ile iliyojaza ukumbi wa mahakama bila kipaza sauti ilikwenda ikaangukia kwenye mapazia ikalala hapo. Akapiga kelele tena, kwa nguvu zote. Chumba chote kile kikubwa kikamjia karibu. Akasahau sheria, akasahau cheo, na hapo ndipo Mheshimiwa Jaji Zefania Lukosi, baba wa watoto wanne, alipomwita mama yake.

Hata mama hakusikia.

Akageuka akaegemea mlango, akahema. Hapakuwa na mtu chumbani. Hakuna aliyemkimbiza. Meza, kiti, picha ya Rais ukutani. Akaiangalia ile nafasi kati ya meza na mlango, akamweka mtu hapo kwa mawazo, mtu mzito, anakuja. Akageukia komeo akalivamia kama kichaa, akalitikisa juu na chini, na bila kujua alichofanya likachomoka, mlango ukafunguka, akatua kwenye korido mikononi mwa Msomi Ndimbo.

Wote walikuwa wamesimama hatua mbili tatu kutoka pale, wanakunywa soda.

"Tulidhani unatafakari, Mheshimiwa," alisema Ndimbo.

"Hamkunisikia?"

"Kusikia nini?"

"Nilikuwa napiga kelele."

"Ah, mlango huo haupitishi sauti hata kidogo!" alisema Ndimbo kwa fahari. "Umetengenezwa makusudi, kwa ajili ya siri za serikali. Hata ukimchinja ng'ombe humo ndani..." Hapo akasikia anachokisema. Akatazama dari ya korido. Haikumsaidia.

"Karani," alisema Jaji akihema, "hilo liandike."

Stamili alikuwa ameegemea ukuta wa upande wa pili. Alimtazama Jaji, joho limepinda, mguu mmoja hauna kiatu, kisha akasema taratibu, "Linanyanyuliwa kwanza, Mheshimiwa. Ndipo linavutwa."

"Ulijuaje?"

"Nilijifunza siku ile."

*

Chikoti hakupiga simu tena, alikuja mwenyewe. Alikaa sebuleni kwa Jaji akanywa chai, akasifu mapazia, akasema tatizo la bomba la uani kumbe ni dogo, mafundi watafika kesho.

"Nimesikia umepata tabu kule wizarani. Pole sana. Sasa, kwa kuheshimu uhuru wako, nina wazo. Waziri mwenyewe alisema mkono ulitangulia. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi utie hatiani mkono."

Jaji akaweka kikombe chini.

"Mkono una hatia, Waziri hana," aliendelea Chikoti. "Mkono uhukumiwe kuvaa glavu miezi mitatu. Nyeupe, yenye heshima, hata kwenye sherehe anaweza kuvaa. Binti amepata haki yake, Waziri amebaki na wizara yake, na wewe unaingia vitabuni. Vyuo vya sheria vitakuja kukusoma."

Chikoti alipoondoka, Jaji alibaki anatembea sebuleni. Nisiwafiche: wazo lilimpendeza. Ilikuwa hukumu ya aina aliyoitafuta maisha yake yote, ambayo kila mtu anakwenda nayo nyumbani na hakuna anayemchukia jaji. Aliisoma mbele ya kioo, akajaribu kusema "mkono" kwa sauti nzito. Ilimkaa vizuri.

Asubuhi akamweleza Mama Tuzo mezani, wakinywa uji. Mama Tuzo alicheka. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaanza tena.

"Glavu! Baba Tuzo, utaniua! Wiki nzima watu hawatakuwa na habari nyingine."

"Ni hukumu ya busara," alisema Jaji, akicheka naye kidogo.

"Na yule binti?"

"Naye amepata. Mahakama imekubali kwamba alishikwa. Tuseme amepata nusu."

"Nusu ya nini?"

Mama Tuzo alikuwa hacheki tena. Hakuwa na hasira pia. Alikuwa ameuliza tu, kama mtu anayeuliza nyama imebaki kiasi gani, akasubiri ajibiwe. Jaji akatazama uji. Akafikiria komeo.

"Wewe unaonaje?" alimuuliza mkewe.

"Mimi? Sheria imesema peke yako," alisema Mama Tuzo, akanyanyuka kutoa vyombo.

*

Siku ya hukumu mahakama ilifurika mpaka madirishani. Glavu ilikuwa imeshanunuliwa. Mpambe mmoja aliishika kwenye sinia ya fedha. Chikoti alikaa nyuma akitabasamu. Waziri aliketi mbele, mkono wake wa kulia ameulaza juu ya paja, umepakwa mafuta.

Jaji Lukosi aliingia. Hakuwa amelala vizuri, na tumbo, lile la kujifanya, safari hii lilimuuma kweli.

"Mahakama hii," alianza, "ambayo leo ni mimi..." Akasita. Watu wakadhani ni mbwembwe. "Mahakama hii ilikwenda mahali pa tukio. Ilijaribu kuteleza kwenye lile zulia, ikashindwa, ingawa ilivua hata kiatu. Mwisho ilianguka, kwa sababu ya uzembe wake yenyewe. Mikono yake ilikwenda chini."

Kicheko kikapita. Jaji akasubiri kiishe.

"Chekeni tu, hata mimi nilicheka baadaye. Kisha mahakama ikafungiwa mle ndani. Ilijifungia yenyewe, hilo nalo liandikwe. Komeo halifungwi na upepo, linataka bega. Mahakama ikashindwa kutoka. Mahakama ikapiga kelele. Mimi ni mwanamume mtu mzima, sauti hii mnayoisikia nalipwa mshahara kwa ajili yake, na niliipiga yote. Nilimwita mama yangu, aliyekwisha kufa. Mawakili wawili walikuwa nje ya mlango wanakunywa soda. Hawakusikia kitu."

Miguno ikaanza kwenye benchi za mashahidi.

"Nami nilikuwa peke yangu mle. Hakuna aliyenishika. Hakuna aliyekuwa nyuma yangu. Na toka siku ile hakuna aliyeniuliza kwa nini sikupiga kelele kwa nguvu zaidi. Wameniambia pole, wameniletea na soda."

Akakusanya karatasi zake. Akaziweka chini, akashika meza.

"Mahakama inamwamini Stamili Ngwembe. Alisema acha, na neno hilo lilitosha. Mshitakiwa hakuteleza. Ana hatia. Namhukumu kifungo cha miaka mitatu jela."

Hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wanasubiri sehemu iliyobaki. Waziri akamwinamia wakili wake.

"Mkono, au mimi?"

"Wote, Mheshimiwa," alinong'ona Ndimbo.

Ndipo ukumbi ukalipuka, wengine wanapiga vigelegele, wengine viti. Wakili wa serikali aliruka amesimama, uso umempauka. "Mheshimiwa Jaji! Upande wa mashtaka haukutarajia kushinda! Tunaomba muda tujiandae!" Mpambe akadondosha sinia. Askari wa magereza wakatazamana, kila mmoja akimtegea mwenzake, mpaka Waziri mwenyewe, kwa kuzoea kutangulia kila msafara, akaanza kutembea, nao wakamfuata. Alishtukia yuko ndani ya karandinga.

*

Serikali ilifanya kazi haraka. Iliunda tume kuchunguza nani alinunua lile komeo. Ilitangaza kwamba majaji kukaa peke yao kumeleta upweke, na upweke ni hatari kwa afya. Tangu hapo kila jaji alikaa na wazee wa baraza kumi na tano, wote wapishi na watunza bustani wa Ikulu. Magwaza alikaa gerezani, kwenye chumba chenye kiyoyozi, akakata rufaa ambayo mpaka leo inatafutiwa jaji. Stamili walimpandisha cheo, akawa mkuu wa hotuba ambazo hazitasomwa. Akakaa huko mwezi mmoja, akaacha kazi.

Jaji Lukosi naye alipandishwa. Alipewa Mahakama ya Migogoro ya Bahari, katika mkoa ambao hauna bahari. Bomba la uani lilikatwa kabisa. "Angalau nitapumzika," alimwambia mkewe. Mama Tuzo hakumwita kipaza sauti siku hiyo, alimsaidia kufunga masanduku.

Siku ya mwisho alikwenda mahakamani kuchukua vitabu vyake. Ukumbi ulikuwa mtupu, mafundi wamekwisha kuanza kuingiza viti vipya. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, amekumbatia boksi, alipomwona Stamili amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, binti yangu. Karibu."

Kwa haki ya Mungu, Jaji alitazamia shukrani. Alikuwa hata ameanza kuliandaa lile neno la unyenyekevu, la kusema nilifanya wajibu wangu tu. Lakini Stamili hakushukuru. Alikuja mpaka kwenye meza, akasimama upande ule wa mashahidi.

"Nina ombi moja. Siku ile watu walikuwa wanaguna pale karibu yangu, kuna mahali sikusikia vizuri. Mama yangu ananiuliza walisemaje, nami namwambia tu tumeshinda. Sikuwasikia mkisema hasa."

"Nakala ipo kwa karani, unaweza kuisoma."

"Nimeisoma. Nataka kusikia."

Jaji akaweka boksi chini. Hakuwa na joho, wala karatasi. Akajaribu kuvuta ile sauti yake ya hukumu, ikakataa kuja. Iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya mtu wa kawaida mwenye mafua.

"Mahakama inamwamini Stamili Ngwembe."

Stamili akakaa kwenye benchi. Kidogo kidogo mabega yake yakashuka, akafunika uso kwa viganja, na hapo, bila mwandishi wa habari hata mmoja, akalia. Jaji hakujua la kufanya. Hakuna sheria iliyomfundisha. Akabaki amesimama, mikono inaning'inia.

Baadaye Stamili akajifuta uso.

"Tena," alisema.

Akasema tena.